Wami au ufukweni: hema lako Saadani ulipige wapi

Masika yakishakatika, simu yangu huanza kupokea swali lilelile. Mara ni shemeji yangu wa Tanga, mara ni vijana wa mtaani kwetu hapa Bagamoyo: "Tunataka kwenda kulala Saadani na mahema yetu. Tukae mtoni au baharini?" Wengi wao wamekulia jirani kabisa na hifadhi hii lakini hawajawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Mimi nimelala pande zote mbili, na pande zote mbili nimelowana. Kwa hiyo kabla sijajibu huwa namrudishia mwulizaji swali langu: ni maji gani unayaweza?

Maana Saadani maji yanakufuata popote. Kusini kuna Mto Wami na vinamasi vyake. Mashariki kuna bahari, mikoko na hori zake. Katikati kuna mbuga za udongo mweusi, ambazo mvua ya nusu siku inatosha kuzifanya zishike tairi zisiachie. Unapochagua mahali pa kulala, unachagua ni maji ya aina gani utakayoyachunga usiku.

Kwa asiyepajua: Saadani ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,100, sehemu iko mkoa wa Pwani na sehemu mkoa wa Tanga, na nyika yake inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Tembo wapo, simba wapo, twiga, nyati, kongoni na kuro wapo, na Wami imejaa viboko na mamba. Si bustani ya kupumzikia. Ni pori, na lina wenyewe.

Jambo jingine la kutangulia: kambi za hifadhi ziko za namna mbili. Kambi ya umma ina choo, mara nyingi ina maji na banda la kupikia, na utaitumia pamoja na wageni wengine. Kambi maalumu ni ardhi tupu: hakuna choo, hakuna bomba, hakuna jirani, na lazima uiombe mapema. Hapa nazungumzia zaidi ile ya pili, au ya kwanza kwa mtu anayetaka kujitegemea kama vile huduma hazipo. Na usiende getini na bunda la noti. Hifadhi hazipokei fedha taslimu, andaa malipo ya simu, benki au kadi kabla hujaondoka nyumbani.

Upande wa mto

Kama unakwenda kwa ajili ya wanyama, Wami haina mpinzani. Miti ya ukingoni ni mirefu na kivuli chake ni kizito. Asubuhi mbega wanarukaruka juu ya kichwa chako, mdiria anajitupa majini kama jiwe, na juu ya mti mkavu ng'ambo furukombe anapiga ule ukelele wake unaofika mbali. Usiku viboko hukoroma. Anayelala pale mara ya kwanza huapa kwamba wamo mlangoni mwa hema, kumbe wako mita mia moja. Usiku wa kwanza hulali. Usiku wa pili ile sauti inakubembeleza.

Ila kiboko ndiye atakayekuamulia pa kulala. Mchana yumo majini, giza likiingia anatoka kula nyasi, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza kilo 40. Kurudi ni kabla ya mapambazuko. Katika kwenda na kurudi anapita njia yake ileile, na njia hiyo inajulikana kwa jicho: ina mifereji miwili sambamba, na katikati yake kuna tuta dogo la nyasi lililobaki zima. Miguu yake imekaa mbalimbali, tumbo linapita juu ya tuta. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Pembeni utakuta kinyesi kimetapanywa hadi kwenye majani ya vichaka, kwa sababu anakitawanya kwa mkia.

Mara yangu ya pili kwenda tulikuwa na kijana mmoja wa mtaani, mwepesi, mchapakazi. Aliruka kutoka kwenye gari, akazunguka kidogo, akapaza sauti kwa furaha: "Kaka, njoo huku, pametandikwa!" Na kweli palitandikwa. Uwanja mdogo wa nyasi fupi, laini, zimelingana kama zulia la msikitini. Alikwisha kutandaza turubai. Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi hakusema neno, alimshika mkono akamvuta hatua kumi pembeni, akamwonyesha ile mifereji miwili inayoingia kwenye uwanja ule. Ndilo lililokuwa jamvi la kiboko, anakuja kulila kila usiku, ndiyo maana lilikuwa fupi namna ile. Tukahamia kwenye udongo mkavu wenye mizizi, pabaya kwa mgongo, salama kwa roho.

Basi ukifika, usishushe mzigo. Zunguka eneo lote la kambi kwanza, na askari akiwepo zunguka naye. Hema lisikae juu ya njia ya kiboko, wala kati ya malisho yake na maji. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi mtoni ni mnyama mwingine kabisa, na mbio zake wewe huziwezi.

Mamba ni habari fupi: kaa mbali na ukingo. Ukitaka maji ya kuoshea vyombo, tumia ndoo yenye kamba kutoka mahali palipoinuka, na usirudi mahali palepale kwa saa ileile siku inayofuata. Mamba anasoma mazoea. Watoto wasisogee ukingoni hata kwa kushikwa mkono.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mto wenyewe kupanda. Wami inatoka mbali. Maji yake yanakusanywa kwenye milima ya Ukaguru na Nguru huko Morogoro, na mkono wake wa Kinyasungwe unatokea upande wa Dodoma. Mvua ikipiga huko, wewe huku chini unaangalia nyota, na mto unakuja. Ndiyo sababu kila jioni ninachomeka kijiti kwenye mwinamo wa ukingo, nimekikata alama tatu kwa kisu, umbali wa kiganja kati ya alama na alama. Ninakichomeka mchana kweupe nikiwa na mtu wa kunilinda mgongo, kisha usiku ninakimulika kwa tochi kutoka mbali. Usiku mmoja wa mwezi wa tano nilikiacha saa kumi na mbili jioni maji yakiwa chini ya alama ya kwanza. Saa nne nilipomulika, alama ya kwanza haikuonekana. Saa sita ya pili ikazama. Anga haikuwa na wingu hata moja. Tuliamsha watu, tukavuta mahema juu, na asubuhi pale tulipokuwa tumewasha jiko palikuwa na maji ya kifundo cha mguu.

Angalizo hapo: ukiwa karibu na mdomo wa mto, bahari ikijaa nayo inayasukuma maji ya mto yapande juu. Utatofautishaje? Maji ya bahari hupanda kwa saa kama sita kisha yanarudi. Yakipita muda huo bado yanapanda, huo ni mto wenyewe, hama.

Upande wa bahari

Ufukweni kuna upepo, na upepo katika nchi ya vinamasi ni neema. Ukivuma, mbu hawatulii. Kijiji cha Saadani kiko karibu, kile kijiji cha Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, na wavuvi wake ni hodari wa kuvua kamba. Ukiwahi boti zinapoingia utapata kitoweo cha jioni ambacho mtoni hukipati. Ukiumwa au gari likikugomea, kuna watu. Hilo kwa familia yenye watoto ni jambo kubwa kuliko mandhari.

Usitarajie maji ya kijani kibichi kama ya Zanzibar, ingawa kisiwa kiko ng'ambo tu. Wami inamwaga tope lake hapo, kwa hiyo bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Mimi naipenda hivyo. Tope hilo ndilo linalolisha mikoko, na mikoko ndiyo nyumba ya kamba wadogo.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya upande huu. Tulifika mchana kama saa sita, mimi, mke wangu na binti yetu. Maji yalikuwa mbali, ufukwe mpana kiasi cha kucheza mpira. Mbele kidogo ya mivinje palikuwa na mchanga mgumu, mweupe, mkavu kabisa, na pamesawazika. Tukapiga hema, tukapika, tukalala. Alfajiri niliamka kwa sababu mgongo wangu ulikuwa baridi. Nikapapasa, mkeka unaelea. Nikafungua zipu, hakuna ufukwe. Bahari ilikuwa imefika kwenye mashina ya mivinje na sisi tulikuwa ndani yake, maji ya kifundo, mawimbi madogo yanalamba kuta za hema. Tulimtoa mtoto kwa kumbeba mgongoni, tukavuta hema zima jinsi lilivyo. Viatu vya binti yangu, alivyokuwa ameviacha mlangoni, hatukuviona tena.

Kulipokucha alipita mzee mmoja na nyavu begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hema mlilipiga wapi?"

Nikamwonyesha. Alitazama alama za vigingi mchangani, kisha akanitazama mimi.

"Na mwezi hukuutazama?"

Nilikuwa sijautazama, mimi mtoto wa pwani. Ilikuwa mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi kuandama. Mwezi mpevu ni bamvua, na mwezi mwandamo nao ni bamvua: siku hizo bahari hujaa kupita kawaida na hupwa kupita kawaida, na katika pwani yetu hii tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. La kukumbuka zaidi ni saa. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na tena alfajiri, na hupwa karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na tena usiku. Kwa hiyo mgeni anayefika mchana anaukuta ufukwe mpana na mkavu, na hata maji ya alasiri yakiishia chini ya hema lake, ya alfajiri yanaweza kupanda zaidi na kumkuta kwenye usingizi mzito. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50.

Maji mafu ni kinyume chake. Kuanzia mwezi saba hadi kumi, na tena ishirini na moja hadi ishirini na nne, bahari haiendi mbali na haiji mbali, na kujaa kwake kunaangukia usiku wa saa nne au saa tano. Maana yake unakaa na kikombe chako cha chai, macho makavu, ukiona maji yameishia wapi kabla hujaingia kulala. Tangu siku ile sijaenda na mtoto ufukweni ila siku za maji mafu. Wavuvi wetu hupanga dago zao, yaani kambi zao za uvuvi, kwa hesabu hiihii. Mimi niliijua tangu utoto, nikaisahau siku niliyoihitaji.

Kalenda ikikupotea, soma ardhi. Tafuta mstari wa juu kabisa wa takataka: majani ya baharini yaliyokauka, vipande vya magogo, mapovu yaliyoganda. Kunaweza kuwa na mistari miwili au mitatu. Wa chini ni wa leo, wa juu ndio wa bamvua. Hema liwe juu ya huo wa juu, mahali ambapo mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau imeshika mizizi.

Na nyuma ya mikoko kuna mtego mwingine, mzuri kwa macho. Ukiipita mikoko na michu, miti inafupika, unafika kwenye mikandaa, nayo ni jamii ya mikoko, kisha ghafla unatokea kwenye uwanda mtupu, tambarare kama sakafu, una ukoko mweupe juu. Hakuna nyasi, hakuna kichaka cha kuficha nyoka, utadhani pametengenezwa kwa ajili ya hema. Ukoko ule ni chumvi. Bahari huufikia uwanda huo siku chache tu za bamvua kubwa, inakauka, inaacha chumvi, na ndiyo maana hapaoti kitu. Popote palipo mchu, na vile vijiti vyake vya mizizi vimesimama juu ya tope kama penseli, jua maji hufika.

Mchanga pia haushiki kigingi. Kusi ikivuma kwa nguvu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, hema la vigingi vifupi linaondoka. Ninachofanya ni kujaza viroba vidogo mchanga, ninafunga kamba ya hema katikati ya kiroba, ninakizika kikiwa kimelala mkingamo, kina cha mkono hadi kiwiko. Vinne vinatosha. Mtoni huna haja ya hayo, udongo wa mfinyanzi unashika kigingi kama jino. Tabu yake ni kwamba haunywi maji, mvua ikinyesha inasimama pale pale chini ya hema. Kote kuwili tandika turubai chini, na kingo zake zikunjwe zisitokeze nje ya hema, la sivyo linakuwa sinia la kukinga mvua.

Ukipanga kwenda upande wa kaskazini, ufukwe wa Madete, kumbuka kwamba kasa wa kijani hutaga huko. Taa nyeupe humfanya kasa ageuze arudi baharini kabla hajataga, na vifaranga huifuata taa wakidhani ni mng'ao wa bahari. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu, na moto usiwe ufukweni.

Maji ya kunywa

Hapa watu wengi hukosea wakidhani mtoni hakuna shida. Maji yapo, lakini ni ya tope, na kadiri unavyokaribia mdomo wa mto yanakuwa na chumvi bahari ikijaa. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Tope linaondoka: twanga mbegu za mlonge zilizomenywa, koroga kwenye ndoo, acha yatulie saa moja au mbili, mimina ya juu taratibu. Shabu nayo inafanya kazi hiyohiyo. Baada ya hapo chemsha mpaka yatokote kweli, au tia dawa ya klorini. Ufukweni hakuna ubishi, hakuna tone.

Mimi nabeba maji yote ya kunywa na kupikia kokote niendako, na ya mtoni nayaacha yawe ya kuoshea. Lita tano kwa mtu kwa siku, kwa joto la pwani, si nyingi. Watu wanne, siku tatu, ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Ongeza la nne la akiba kama njia ina udongo mweusi, maana gari likizama siku tatu zinakuwa nne.

Wadudu, choo, chakula

Mtoni mbu ni wengi kuanzia jua linapozama, na hakuna upepo wa kuwatimua. Ingia ndani ya neti yenye dawa mapema, vaa mikono mirefu. Ila usidhani ufukweni umepona: mbu mmojawapo wa malaria wa pwani yetu huzaliana hata kwenye madimbwi ya maji ya chumvichumvi, na jioni upepo ukilala usubi hutoka kwenye mikoko. Ni wadogo kiasi cha kupenya neti ya kawaida. Mbung'o ni wa mchana na ni wa vichakani zaidi kuliko mchangani. Nguo za buluu na nyeusi huwaita, vaa kaki. Ukipata homa wiki moja hata wiki kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapime.

Choo kwenye kambi maalumu ni suala ambalo watu huona haya kuuliza, na ndilo linaloharibu safari. Mtoni ukichimba kina cha mkono mara nyingi maji yanachungulia. Ukijisaidia humo umejisaidia ndani ya mto. Ufukweni bamvua litafukua. Jawabu langu kwa kote ni ndoo yenye mfuniko unaobana na kiroba cha maranda kutoka kwa fundi seremala. Kila mtu akimaliza anamwaga kopo moja la maranda. Haitoi harufu, haivuti nzi, na unarudi nayo. Mke wangu alikataa kwenda tena mpaka nilipoleta ndoo hiyo.

Kuni usikate, wala mikoko usiiguse. Njoo na mtungi mdogo wa gesi au jiko la mkaa. Chakula kilale kwenye gari, si kwenye hema. Machungwa ya Muheza ni matamu na tembo anajua hivyo, harufu yake anaipata kutoka mbali. Nyani na tumbili ni tatizo la mtoni zaidi. Ufukweni ni kaa, nao hawadhuru, wanakwaruza tu usiku kucha.

Njia na majira

Kutoka Bagamoyo tunapita Makurunge, na upande wa Wami ndio unaofikiwa kwanza. Anayetoka barabara ya Chalinze na Segera anaingilia Mandera, kama kilomita 60 mpaka Saadani. Watu wa Tanga hushuka kwa Pangani na kufika fukwe za kaskazini kabla ya Wami. Hilo pekee limewaamulia wengi, na si sababu mbaya: gari halitembei hifadhini usiku, na kufika kambini saa kumi na moja jioni, hujakagua njia za viboko wala mstari wa takataka, ni kuomba balaa. Lenga saa tisa alasiri.

Mwezi wa saba hadi wa tisa mtoni ni pazuri mno, nyika imekauka na wanyama wanasogea majini, wakati ufukweni kusi inachosha. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Februari, mtoni ni kama ndani ya chungu cha mvuke. Hapo bahari inashinda. Masika, Machi hadi Mei, sipeleki mtu kokote. Ule usiku wangu wa mwezi wa tano nilikwenda kwa sababu mvua ilikuwa imekatika wiki nzima, na sirudii. Vuli inategemea udongo mweusi: mvua ikinyesha mchana, lala hapohapo ulipo, usijaribu kurudi jioni.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu nimjuaye, namjibu hivi. Una watoto chini ya miaka kumi? Ufukweni, kambi ya umma, siku za maji mafu. Hujawahi kulala porini kabisa? Vivyo hivyo, kwa usiku mmoja, kisha uone moyo wako unasemaje. Mmekwenda watu wazima watatu au wanne, mnaamka mapema, mnapenda ndege na picha, na mko tayari kupokezana zamu ya kumulika kijiti? Wami, usiku mbili, siyo mmoja, maana wa kwanza ni wa kusikiliza. Mtu mwenye usingizi mzito asiyeamka hata kwa radi, huyo sipendi alale mtoni bila mwenzake mwepesi.

Vijana wanaotaka yote mawili katika safari moja, nawashauri waanze na mto wakiwa bado wana nguvu na maji ya kutosha, wamalizie baharini ambako kuna kijiji na kitoweo. Wengi hufanya kinyume, wakafika Wami wamechoka na madumu matupu.

Sisi tunakwenda mwezi wa nane. Usiku mbili Wami, na wa tatu ufukweni, tarehe nimezipanga ili usiku huo wa tatu uangukie mwezi nane. Madumu manne yamesuguliwa na kuanikwa, maranda yameshaletwa. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, ameshaniambia kwamba viatu vyake safari hii vitalala ndani ya gari.